Hewa ya ukaa ikishaingia majini, mwanga unaweza kuifanya nini?

Hotuba kwa walimu wa sayansi na wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, Tororo, Uganda

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliofika, na ninyi wanafunzi: itifaki imezingatiwa. Nimeambiwa nina dakika arobaini, na mwalimu wa kemia akipewa dakika arobaini hutumia tano za kwanza kufuta ubao. Mimi nitaziruka.

Nimeombwa nizungumzie jambo linalosikika kama ndoto ya mchana: unachukua hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, unaiyeyusha majini, unatia unga wa kichocheo, unaanika juani, halafu unakinga mafuta. Hapa Tororo swali hili lina mashiko kuliko mahali pengi, maana tunaishi na viwanda vya saruji. Mawe ya chokaa yakichomwa tanurini, kila tani moja ya kalisi kaboneti safi hutoa kilo 560 za chokaa na kilo 440 za hewa ya ukaa. Kilo hizo 440 hazitoki kwenye makaa ya kuchomea. Zimo ndani ya jiwe lenyewe. Hata tanuri likichochewa kwa umeme wa Jinja, zitatoka vilevile. Na mwamba wetu huu wanaoupanda watalii ni karbonatiti, kaboneti iliyopanda kutoka tumboni mwa ardhi wakati volkano za upande huu zilipokuwa hai. Kaboni tunayoirusha angani leo ilikuwa imelala humo kwa mamilioni ya miaka.

Kwa hiyo mwanafunzi akiuliza, "Mwalimu, mbona tusiigeuze ile hewa kuwa mafuta kwa jua letu hili?", asichekwe. Ila jibu langu halitaanzia kwenye jua. Wengi huanzia hapo, na ndiyo maana hudanganyika kirahisi. Mimi nitaanzia majini.

Tazameni bilauri hii. Ni maji ya chokaa. Chokaa ni ile ile ya kupaka ukuta, ya dukani. Niliikoroga majini jana, nikaiacha ituame usiku kucha, nikamimina maji ya juu tu, kisha nikayazimua nusu kwa nusu. Walimu, msisahau kuzimua, la sivyo jambo la pili nitakalowaonyesha litawachosha mapafu. Kijana, njoo hapa mbele, shika mrija, puliza taratibu. Usivute! Hayo hayanyweki.

Mmeona, maji yamegeuka meupe. Weupe huo ni kalisi kaboneti, kitu kile kile kilichomo kwenye mwamba. Hapo ndipo vipindi vingi hukomea: tunaandika "hewa ya ukaa imethibitika", kengele inalia. Endelea kupuliza, kijana. Pumzika, vuta pumzi pembeni, puliza tena. Haya, angalieni sasa: weupe unapungua, maji yanarudi kuwa angavu. Kaboni haijaenda popote, imezidi hasa. Lakini imebadilika kuwa bikaboneti, ambayo pamoja na kalisi huyeyuka bila shida. Asante, rudi ukae. Mpigieni makofi.

Bilauri moja, kaboni ile ile, na imeshavaa sura tofauti mbele ya macho yenu. Ndiyo sababu mtu akiniambia, "Nimeyeyusha hewa ya ukaa majini", swali langu la kwanza huwa: ipo katika sura gani? Hewa ikiingia majini, sehemu kubwa hubaki kuwa hewa tu, molekuli nyoofu, oksijeni huku na huku, kaboni katikati, imezungukwa na maji. Sehemu ndogo mno, karibu mbili katika kila elfu moja, hushikana na molekuli ya maji na kuwa asidi ya kaboniki. Asidi hiyo huachia ioni ya hidrojeni na kuwa bikaboneti, na bikaboneti ikiachia nyingine huwa kaboneti. Nani atakuwa mwingi kuliko mwenzake huamuliwa na pH, kipimo cha uasidi: ikishuka, uasidi umezidi. Kwenye 6.35 hewa iliyoyeyuka na bikaboneti hugawana nusu kwa nusu. Kwenye 8.3 karibu yote ni bikaboneti. Kwenye 10.33 bikaboneti na kaboneti ndizo zinazogawana. Maji safi yaliyokaa wazi hapa nje hufika kama 5.6, na ndiyo maana hata mvua isiyo na uchafu wowote ina uasidi kidogo.

Na kuna suala la kasi, ambalo vitabu vyetu hulipita mbio. Molekuli ya hewa ya ukaa ikiwa peke yake majini huchukua sekunde ishirini na kitu au zaidi, kwa wastani, kabla ya kushikana na maji. Katika kemia ya mwanga, sekunde ishirini ni muda mrefu kupita kiasi. Miili yetu haiwezi kungoja hivyo, kwa hiyo damu ina kimeng'enya kiitwacho kaboniki anhidrasi, ambacho molekuli yake moja huweza kufanya kazi hiyo karibu mara milioni kwa sekunde. Mkipumua hapo mlipo, kinafanya kazi.

Sasa kiasi. Ukijaza hewa ya ukaa tupu juu ya maji kwa kanieneo ya angahewa moja, nyuzi 25, lita moja itameza gramu 1.45 tu, yaani milimoli 33 hivi. Kwenye maji ya barafu ingemeza zaidi ya mara mbili ya hapo. Chupa ya soda iliyoshinda juani mpakani Malaba mnajua inavyofoka ikifunguliwa. Tunataka jua lifanye kazi, na jua lilo hilo linapasha maji joto na kuifukuza malighafi. Na ukitegemea hewa ya kawaida ya nje badala ya hewa ya ukaa tupu, utapata molekuli moja kwa kila milioni nne za maji.

Baada ya hayo, twende kwenye mwanga.

Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walichapisha kwamba elektrodi ya titaniamu dayoksaidi ikimulikwa inaweza kupasua maji yakatoa oksijeni na hidrojeni. Titaniamu dayoksaidi si kitu kigeni. Ndiyo weupe wa rangi ya ukuta, imo kwenye dawa za meno na mafuta ya kujikinga na jua. Mwaka 1979 Inoue, Fujishima, Konishi na Honda wakaendelea mbele: walitia unga wa semikondakta mbalimbali, vitu vya aina ya titaniamu dayoksaidi, kwenye maji yenye hewa ya ukaa, wakamulika, wakapata asidi ya fomiki, fomaldehaidi, methanoli na methani kidogo. Asidi ya fomiki mnaifahamu kwa ngozi zenu. Ndiyo wanayomwaga wale chungu wa majimoto mkipanda mwembe. Tangu hapo maabara za dunia nzima hazijaliacha jambo hili.

Kinachotokea ni hiki. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, yenye nguvu ya kutosha ikiipiga chembe ya unga, elektroni huruka ngazi ya juu na kuacha shimo nyuma yake. Kwa titaniamu dayoksaidi nguvu ya kutosha ni elektroni-volti 3.2, sawa na mwanga wa nanomita 388 au mfupi zaidi. Huo ni urujuanimno, na katika jua lote linaloshuka hapa, urujuanimno ni asilimia nne au tano tu. Unga ni mweupe kwa sababu hauli mwanga tunaouona. Unaurudisha wote machoni petu. Kadimiamu salfaidi, ambayo ni ya manjano, inakula zaidi, ila ikimulikwa majini huanza kujila yenyewe, na kadimiamu ni sumu. Sitaki kuisikia karibu na kisima cha mtu.

Elektroni na shimo wakishaachana, wengi wao hurudiana upesi, ndani ya muda usiofika hata sehemu ya milioni ya sekunde, na nguvu ya fotoni ikapotea kama joto. Wachache wanaobahatika kufika kwenye uso wa chembe ndio wenye kazi. Shimo huchukua elektroni kutoka kwa maji: maji mawili huachia oksijeni moja, ioni nne za hidrojeni na elektroni nne. Elektroni inatakiwa iende kwa hewa ya ukaa.

Inatakiwa, lakini haiendi hivi hivi. Molekuli hii ni nyoofu na imetulia. Kuitwika elektroni moja peke yake kunahitaji volti −1.90 kwenye mizani ya hidrojeni, kwa pH 7. Elektroni iliyopandishwa ndani ya titaniamu dayoksaidi ina kama −0.5. Pengo ni kubwa mno. Sababu yake ni umbo: molekuli ikipokea elektroni lazima ipinde, na kupinda kuna gharama. Kichocheo kizuri kwa hiyo huishika molekuli kwanza, kwa mfano kwenye tundu la uso ambapo oksijeni ya unga imekosekana, na kuipindisha kabla elektroni haijafika. Ukishusha elektroni mbili kwa pamoja na ioni mbili za hidrojeni, gharama inashuka: monoksaidi ya kaboni −0.53, asidi ya fomiki −0.61. Methanoli, ambayo ni elektroni sita, −0.38. Methani, elektroni nane, −0.24. Kwenye karatasi methani ndiyo rahisi kuliko zote. Uwanjani, kukusanya elektroni nane na ioni nane mahali pamoja kabla elektroni hazijarudi mashimoni ni kazi nyingine kabisa. Wanafunzi, jedwali la volti halisemi chochote juu ya kasi. Mtihani hupenda kuwasahaulisha hilo.

Halafu kuna maji yenyewe. Ioni za hidrojeni nazo zinataka elektroni zile zile, na bei yao ni −0.41, wakahitaji mbili tu. Fikirieni foleni ya malori pale Malaba: hata maji yakishiba hewa ya ukaa kabisa, kwa kila lori moja la ukaa kuna malori zaidi ya 1,600 ya maji, na anayegonga mihuri hana sababu ya kumpendelea huyo mmoja. Matokeo yake, mara nyingi unapata hidrojeni. Si hasara, hidrojeni ni nishati. Lakini usiite hiyo kugeuza hewa ya ukaa.

Hapa mwalimu mwerevu huuliza: kwa nini tusitie magadi, au bikaboneti ya sodiamu, ili maji yashike kaboni nyingi? Swali zuri, na limewagawa watafiti. Bikaboneti kweli inajaza maji kaboni mara nyingi zaidi. Lakini ni ioni yenye chaji hasi, imeshajaa elektroni, na kuisukumia nyingine ni kumbebesha aliyekwisha kutwikwa. Kwa ninavyousoma ushahidi, mara nyingi bikaboneti haili elektroni yenyewe. Inakaa kama ghala: hewa ya ukaa iliyoyeyuka ikitumika, bikaboneti inarudi nyuma kuwa hewa na kujaza pengo, kwa kasi ile ya pole tuliyoitaja. Pia inatuliza pH isiyumbe. Na ina ujanja wa tatu. Katika miaka ya 1990 Sayama na Arakawa, Wajapani tena, walionyesha kwamba kutia chumvi za kaboneti kwenye unga wa titaniamu dayoksaidi wenye platini kunafanya upasuaji wa maji uende vizuri zaidi. Maana yake kaboneti inaweza kusaidia upande wa mashimo, upande wa oksijeni, wakati wewe unadhani umeitia kwa ajili ya upande wa elektroni. Ukiona mazao yameongezeka baada ya kutia magadi, hujajua bado ni kwa njia ipi.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, maana nilikubali kuja hapa kwa ajili ya sehemu hii.

Mazao ya majaribio haya hupimwa kwa mikromoli kwa kila gramu ya unga kwa saa. Tuchukue mikromoli kumi za methani, tarakimu ya mfano tu. Hizo ni mikrogramu 160. Tani nzima ya unga, ikimulikwa yote sawasawa, jambo lisilowezekana, ingetoa gramu 160 kwa saa. Ukiwa na gramu moja ya unga na unataka kilo moja ya gesi, subiri zaidi ya miaka 700, usiku na mchana.

Kwa kiasi kidogo hivyo, uchafu wowote unatosha kukudanganya. Unga huo umetengenezwa kwa kutumia alkoholi na kemikali nyingine zenye kaboni. Masalia yake yamebaki usoni. Mpira wa kuzibia chupa una kaboni. Mafuta ya vidole yana kaboni. Mwanga ukivunja takataka hizo, zitatoka monoksaidi ya kaboni na methani zile zile unazozitafuta, na hewa ya ukaa haijaguswa. Yapo majaribio yaliyorudiwa kwa uangalifu, ikaonekana sehemu kubwa ya kaboni ya mazao ilitoka kwenye unga wenyewe.

Dawa yake ipo. Unatumia hewa ya ukaa yenye kaboni-13, isotopu, yaani aina ya kaboni iliyo nzito kidogo, ambayo kiasili ni asilimia 1.1 tu ya kaboni yote. Kama methani imetoka kwenye hewa uliyotia, uzito wa molekuli yake utakuwa 17 badala ya 16. Monoksaidi ya kaboni itakuwa 29 badala ya 28, na hapo 28 ina mtego wake, kwa sababu nitrojeni ya angani nayo ni 28. Chupa ikivuja kidogo unashangilia hewa ya chumba.

Kipimo cha pili ni rahisi zaidi na hupuuzwa zaidi: oksijeni iko wapi? Elektroni zimetoka kwa maji, basi maji lazima yaache oksijeni. Kila monoksaidi mbili za kaboni, oksijeni moja. Kila methani moja, oksijeni mbili. Kama haipo, kuna kitu kingine kilichotoa elektroni, na pengine ni uchafu ule ule au kemikali ya kafara, iliyotiwa makusudi itoe elektroni badala ya maji. Mwaka 2011 kundi la Akihiko Kudo huko Tokyo lilitumia unga wa bariamu, lanthanamu na titaniamu wenye chembe za fedha, ndani ya maji bila kemikali ya kafara, wakapata monoksaidi ya kaboni nyingi kuliko hidrojeni, na oksijeni ikajumlika inavyopaswa. Ulikuwa mwanga wa taa ya urujuanimno, si jua. Hata hivyo, mimi kazi hiyo naiheshimu kuliko makala kumi zenye tarakimu kubwa zisizo na safu ya oksijeni.

Kesi ya oksijeni ina ukoo mrefu. Kabla ya vita vikuu vya pili watu walibishana: oksijeni inayotolewa na mimea hutoka kwenye hewa ya ukaa au kwenye maji? Mwaka 1941 Ruben, Randall, Kamen na Hyde waliwapa mwani maji yenye oksijeni-18, isotopu nzito, wakaona oksijeni inayotoka inafuata maji. Lakini walikuwa na tatizo mnaloweza kulielewa baada ya ile bilauri. Hewa ya ukaa inapoingia na kutoka kwenye sura ya asidi ya kaboniki, inabadilishana oksijeni na maji. Ukikawia, alama inachanganyika na hujui tena nani ni nani. Upole ule wa mmenyuko niliousema kuwa kikwazo ndio uliowapa muda wa kupima.

Na mimea yetu imelitatuaje suala la hewa au bikaboneti? Imechukua vyote. Muwa, mahindi, mtama, wimbi letu la kwenye chungu cha pombe ya ajono, na mafunjo yaliyojaa mabwawani, vyote ni vya ukoo mmoja wa kazi, ambao watafiti Hatch na Slack walianza kuueleza mwaka 1966 kwa kuchunguza miwa. Hewa ikiingia jani, kaboniki anhidrasi huigeuza upesi kuwa bikaboneti. Kimeng'enya cha kwanza hukamata bikaboneti, hakitaki hewa. Kaboni hiyo hubebwa hadi seli za ndani, huko inaachiwa tena kuwa hewa ya ukaa, na kimeng'enya cha pili, rubisko, hukamata hewa, hakitaki bikaboneti. Rubisko ni mzembe, molekuli chache tu kwa sekunde, lakini akirundikiwa hewa namna hiyo hufanya kazi ya kutosha kulisha kiwanda cha sukari cha Kakira. Pamoja na ufundi wote huo, mazao mengi shambani huhifadhi kama asilimia moja ya nishati ya jua au pungufu.

Mtaniuliza: basi Tororo tufanye nini na moshi wetu? Kwa maoni yangu, leo hii, mtu mwenye shilingi zake asiziweke kwenye unga wa kuanika juani. Paneli ya kawaida ya sola hugeuza karibu moja ya tano ya mwanga kuwa umeme, na umeme huo unaweza kupasua maji kwa vifaa vinavyouzwa tayari. Hidrojeni hiyo ikikutana na hewa ya ukaa ya tanuri kwenye kichocheo cha shaba, methanoli inapatikana. Ni kemia ya viwandani. Ni ghali, lakini inahesabika. Unga wa mwanga bado ni wa maabara, na maabara ndipo pawe na vijana wetu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Napokea swali moja. Ndiyo, binti wa pale dirishani. Anauliza: shuleni hatuna kaboni-13 wala mashine ya kupima uzito wa molekuli, tuanze na nini?

Anzeni na mmea wa majini na kiashiria cha bikaboneti, kile cha kresoli nyekundu na thaimoli ya buluu. Kikiwa sawa na hewa ya nje ni chekundu, hewa ya ukaa ikizidi majini kinakuwa cha manjano, ikipungua kinakuwa zambarau. Chukueni chupa za dawa zenye vifuniko. Moja yenye mmea juani, moja yenye mmea gizani, na ya tatu juani bila mmea. Hiyo ya tatu ndiyo watu huiacha kwa kuona haina kazi, na bila hiyo hamtajua kama rangi imebadilishwa na jani au na joto lililofukuza hewa majini. Wekeni zote kwenye beseni moja la maji ili joto lilingane. Na ya gizani ifungeni kwa karatasi ya alumini. Gazeti hupitisha mwanga.